Kiwanda Kikiyumba, Trekta Ni la Nani?

Swali ni hili. Kikundi cha wakulima kinataka trekta. Lipo moja linalouzwa kwa bei inayovumilika, nguvu zake zinatosha, tairi bado zina meno. Ila kiwanda kilicholitengeneza kimeyumba: wadai wamekibana hadi kimekimbilia mahakamani, uzalishaji umesimama, na hakuna anayeweza kusema kama toleo hilo litaendelea kutengenezwa au ndiyo basi. Wanunue, au waache?

Katika wilaya za Hanang na Mbulu jibu la swali hili linaamua kama watu watapanda kwa wakati. Juu Kainam, kwenye miteremko ya Wairaqw, jembe la mkono na plau ya ng'ombe bado vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Ukishuka Dongobesh na Haydom, na zaidi ukivuka kwenda Basotu kwenye udongo mweusi wa ngano na shayiri, asiye na trekta hukodi la mwenzake, na anayekodi husubiri foleni huku mvua ikimpita.

Tuanze na yaliyo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2015 Tanzania ilikopa kwa Serikali ya Poland dola milioni 110 kwa masharti nafuu. Nusu ilikuwa ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kwa vihenge na maghala. Vihenge vya Babati, makao makuu ya mkoa wetu wa Manyara, vimetokana na mradi huo. Nusu ya pili, dola milioni 55, ilikuwa ya Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, kwa matrekta 2,400 ya Ursus pamoja na zana na spea zake, na karakana ya kuyaunganisha Kibaha katika eneo la TAMCO. Ursus ni jina la zamani: kampuni ilianzishwa Warsaw mwaka 1893 na ikaingia kwenye matrekta miaka ya 1920. Lakini mwishoni mwa 2018, mkataba wa Tanzania ukiwa bado haujakamilika, iliingia chini ya ulinzi wa mahakama ili ipange upya madeni yake. Mpango haukushika. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa imefilisika, na mwaka 2024 mali zake zikauzwa kwa mmiliki mpya. Matrekta 2,400 hayakutimia. Walionunua yale yaliyofika wakabaki wanatafuta spea, na malalamiko yao yakafika hadi bungeni.

Sauti zinazofuata nimezipanga mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika karakanani, mnadani na kwenye mikutano ya ushirika. Hakuna mtu mmoja mwenye jina nyuma ya sauti yoyote. Nimewaweka mezani mkulima wa Basotu, fundi wa Katesh, mhasibu wa ushirika kutoka Dongobesh, bwana nyama mstaafu wa Mbulu mjini, mama wa Kibarabaig kutoka Getanuwas, na mwalimu wa ufundi wa Babati. Nami nitaingilia pale ninapoona lazima.

MKULIMA: Mimi nanunua. Chuma hakijui kwamba mwenyewe yuko mahakamani. Trekta likiwaka asubuhi na plau ikazama, habari za Poland zinanihusu nini? Angalieni Massey Ferguson 165. Zilianza kutoka kiwandani mwaka 1964. Kampuni yake imebadilika jina, imeuzwa, imegawanywa, na bado 165 inalima hapa Basotu mbele ya macho yangu. Kama ningekuwa mtu wa kuogopa kiwanda kufa, ningekuwa nalima kwa mkono mpaka leo.

FUNDI: Mzee wangu, mfano wako ni wa kweli, lakini unathibitisha kinyume cha unachosema. Massey ilitaka kufa kweli. Makao yake yalikuwa Toronto, na mwaka 1981 serikali ya Kanada na ya jimbo la Ontario ziliingia kudhamini ili isizame. Mwaka 1986 ikajiita Varity. Mwaka 1994 upande wa matrekta ukanunuliwa na AGCO ya Marekani. Sasa jiulize kwa nini wewe hukuhisi chochote. Ni kwa sababu wakati huo wote TAFE ya India ilikuwa inatengeneza Massey kwa leseni, na Millat ya Lahore, Pakistan, inatengeneza Massey tangu miaka ya 1960. Toronto ingezimika kabisa, pistoni ya Massey ingeendelea kutoka Lahore. Ndiyo maana 240 na 385 za Pakistan bado zinaingia nchini. Uliokolewa na viwanda ndugu ambavyo hukuvijua.

MKULIMA: Na Ursus haina ndugu?

FUNDI: Zile za zamani zinao. Miaka ya 1960 Ursus ilitengeneza 4011 kwa leseni ya Zetor ya Czechoslovakia, na baadaye wakashirikiana kwenye matoleo makubwa. Kwa hiyo spea nyingi za C-360, iliyotokana na hiyo 4011, zimetengenezwa na karakana nyingi, hata leo. Matoleo mapya ndiyo yanayonitia wasiwasi. Siku hizi kampuni ya trekta inaweza kununua injini kwa mmoja, gia boksi kwa mwingine, haidroliki kwa wa tatu, yenyewe ikafunga na kupaka rangi. Hilo laweza kuwa heri au shari. Kama injini imetoka kwa mtengenezaji mkubwa anayewauzia watu wengi, kufa kwa aliyefunga boneti hakukunyimi pampu ya dizeli. Kama gia boksi imetengenezwa kwa ajili ya toleo hilo peke yake, siku meno yakikatika umekwisha.

Hapa niingie, maana mjadala wa aina hii hukwama watu wanapobishana juu ya jina lililoandikwa kwenye boneti. Fundi amelisogeza swali mahali pake. Tukiuliza kama kampuni iko hai, jibu litatoka kwa wakili wa Poland, nasi hatuna njia ya kulipima. Tukiuliza ni viwanda vingapi vinavyoweza kutengeneza kila kipande kitakachochakaa, jibu linaweza kutafutwa hapa Katesh, kwa kulala chini ya trekta na tochi.

BWANA NYAMA: Niruhusuni nilete jambo la bunduki, maana hayo nimeyaishi. Kazi yangu ilikuwa wanyama waharibifu, na wanyama waharibifu wa huku si panya. Bunduki ya kazi hiyo haiagizwi kama kitambaa. Ukishaipata unakaa nayo maisha. Kuna moja ya Marekani, Winchester Model 70, imetengenezwa tangu 1936. Mwaka 2006 kiwanda cha New Haven, Connecticut, kilifungwa. Waliozimiliki waliingiwa na hofu dunia nzima: je, itatengenezwa tena? Miaka miwili baadaye ikarudi, ikitengenezwa South Carolina. Remington nayo iliingia mahakamani mwaka 2018, ikaingia tena 2020, safari hii ikauzwa vipande vipande kama ng'ombe wa mnadani. Jina la Marlin, lililokuwa mikononi mwake, likachukuliwa na Ruger, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hakuna Marlin mpya iliyotoka, mpaka mwisho wa 2021. Watu walibishana miezi yote hiyo kama toleo walipendalo litarudi, na likirudi litakuwa lile lile au jina tu.

MHASIBU: Shikamoo mzee. Bunduki na trekta vinahusianaje?

BWANA NYAMA: Marahaba, mwanangu. Vinahusiana kwenye risasi. Risasi ya .375 ilitolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Leo inatengenezwa na viwanda vingi katika nchi nyingi, kwa vipimo vile vile. Aliyetengeneza bunduki yangu akifa kesho, mimi nitapiga mpaka nizeeke, kwa sababu kinachokwisha ni risasi, na risasi si mali ya kiwanda kimoja. Lakini nimemwona mtu aliyenunua bunduki ya risasi ngeni, nzuri kuliko yangu, nyepesi, inalenga vizuri. Risasi zilipokwisha akaitundika ukutani. Bunduki ilikuwa nzima kabisa. Kwa hiyo mimi namwuliza fundi: risasi ya trekta ni nini?

FUNDI: Mzee, umeniuliza vizuri. Risasi ya trekta ni bering, sili, filta, mikanda, nozeli, sahani za klachi. Bering ina namba iliyopigwa ubavuni. Ukisoma 6205, hiyo ni tundu la milimita 25, nje milimita 52, upana milimita 15, iwe imetoka Japani, Sweden au China. Sihitaji kumpigia simu mwenye trekta. Naingia dukani Babati nasema namba. Sili ya oili vivyo hivyo, imeandikwa vipimo vyake. Trekta likiwa na vitu vya namba za watu wote, mimi nalibeba hata mwenyewe akiwa kaburini. Kuna trekta nyingine ukifungua unakuta mtengenezaji ameweka namba zake tu, na bering ina upana ambao hakuna mwingine anao. Hilo ni bunduki ya risasi ngeni.

MKULIMA: Basi tatizo liko wapi? Kile kisichopatikana, chonga. Arusha kuna watu wa mashine za kukerezea, wanachonga chochote. Na hapa kwetu wahunzi wa Kidatoga, Gidaghodiga, wanafua vichwa vya mishale na kuyeyusha kufuli wakapata bangili. Hatujawahi kushindwa na chuma.

FUNDI: Kuchonga umbo hatushindwi. Tunashindwa na ugumu. Meno ya gia yanatakiwa yawe magumu juu na laini kidogo ndani. Juu ili yasilike, ndani ili yasikatike kama kigae. Ugumu huo unatokana na aina ya chuma chenyewe na jinsi kilivyopikwa kwenye tanuri, kwa joto linalopimwa. Mtu wa mashine Arusha atakuchongea gia nzuri kwa macho kutoka kwenye ekseli ya lori. Utalima nayo msimu mmoja ukibahatika. Nayo ikikatika, vipande vinaingia kwenye gia za wenzake, na hapo umeua gia boksi nzima kwa kutafuta kuokoa gia moja. Nimezifungua boksi za namna hiyo. Wahunzi nawaheshimu sana, lakini mshale haubebi nguvu za farasi 80.

MHASIBU: Ninachokisikia kwa pande zote mbili ni muda. Mimi kazi yangu ni muda. Tuseme trekta la kikundi linalima ekari 10 kwa siku, na tunalimia wanachama na majirani kwa shilingi 50,000 kwa ekari. Spea ikichelewa siku 20, hizo ni ekari 200, shilingi milioni 10 ambazo hazikuingia. Mafuta hatukutumia, kweli, lakini rejesho la mkopo benki linadaiwa tarehe yake bila kujali trekta liko wapi. Na hizo siku 20 hazikatiki mwezi wa Septemba. Trekta huharibika linapofanya kazi, yaani mvua zinapoanza, yaani wakati ambao kila aliyelipa anataka shamba lake. Mwanachama aliyekosa kulimiwa mwaka huu, mwakani haleti mchango. Hapo ndipo ushirika unapokufa. Kwa hiyo ukiniambia bei imeshuka kwa milioni 8 kwa sababu kiwanda kimefilisika, mimi naona umenipunguzia hasara ya kusimama mara moja tu, na bado sijapata faida.

MKULIMA: Dada, hesabu yako ina mlima wa hofu. Mpya la kiwanda kilicho hai nalo husimama.

MHASIBU: Husimama, baba. Tofauti ni kwamba la kiwanda kilicho hai najua nani wa kumdai.

Mkulima ana haki kwenye jambo moja ambalo wataalamu hulipita haraka. Asiyenunua trekta la bei nafuu mara nyingi hanunui lolote. Bei ya mpya kutoka kwa kampuni imara inamzidi mwenye ekari 60 za Basotu, na benki inamtaka hati ambayo wengi hawana. Kumwambia asubiri kampuni salama ni kumwambia akodi maisha yake yote. Sitaki mjadala huu umfanye aonekane mtu wa pupa. Anapima hatari yake kwa fedha yake, na haki hiyo anayo. Hatari ikianza kubebwa na fedha ya wenzake, au ya taifa, mizani inabadilika, na nitarudi hapo.

MWALIMU: Mimi nataka kuwakumbusha kuwa hii si mara ya kwanza kwa Kibaha. Miaka ya 1980 pale pale Kibaha yaliunganishwa matrekta ya Valmet ya Finland. Baba yangu aliyajua. Baadaye Valmet wenyewe wakaachana na matrekta. Mwaka 1994 biashara ikaenda kwa Sisu, jina likawa Valtra, na mwaka 2004 AGCO ikanunua. Kule Finland kiwanda hakikusimama kufanya kazi hata kidogo, wanatengeneza mpaka leo. Lakini kazi ya Kibaha ilikwisha. Ndiyo kusema kampuni yaweza kuishi vizuri kabisa na wewe huku ukabaki yatima. Halafu ukaja mradi wa India wakati wa kampeni ya Kilimo Kwanza, matrekta ya Farmtrac na New Holland kupitia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mkopo wa dola milioni 40. Halafu Ursus. Kila mara nchi nyingine, mkopo mwingine, rangi nyingine. Kijana ninayemfundisha anajua kufungua trekta la mradi uliopita, mradi mpya ukija anaanza upya. Spea za mradi wa kwanza hazifai mradi wa tatu. Tumelipa ada ya shule ile ile mara tatu na hatujapanda darasa.

FUNDI: Hilo liandikwe.

MAMA: Nimenyamaza kwa sababu mnazungumza vyuma, nami ni mtu wa ng'ombe. Lakini mmesema kampuni ikifa. Huku kwetu kampuni ilikufa. Mnaijua NAFCO, shirika la umma la kilimo. Walikuja na mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal, Gidagamowd, Murjanda, Warret. Ekari kama laki moja. Wakanada walileta fedha na mashine kwa zaidi ya miaka 20. Ardhi waliyochukua ilikuwa muhajega, malisho bora yenye rutuba yaliyokuwa yakituvusha. Makaburi ya wazee wetu, bung'eda, yalipitiwa na plau. Tulikwenda mahakamani, kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilifunguliwa mwaka 1981, Mahakama Kuu ikatupa ushindi, Mahakama ya Rufani ikauondoa. Wakanada wakaondoka miaka ya 1990, spea za msaada zikaondoka nao, shirika likavunjwa. Baadhi ya mashamba yakarudi kwa vijiji, mengine wakapewa wawekezaji. Muhajega haikurudi kama ilivyokuwa; ilikuwa imepasuka makorongo. Sasa nawauliza. Mlipoandika mkataba wa hayo matrekta ya Poland, nani aliandika kitakachobaki ni cha nani siku kampuni ikifa? Kwetu sisi hakuna aliyeandika, na kila kilichobaki kilikwenda kwa aliyekuwa karibu na meza.

MKULIMA: Mama, yale ya ardhi ni makubwa kuliko trekta.

MAMA: Ni makubwa. Lakini mlango walioingilia ni huo huo.

Naliacha neno la mama lisimame kwa uzito wake. Linatupeleka mahali ambapo nadhani mjadala wote ulitakiwa uanzie. Kampuni inapoingia chini ya mahakama, mali zake hugawanywa kwa utaratibu. Benki huchukua rehani yake. Wafanyakazi hudai mishahara. Mfilisi huuza majengo, mashine, jina la kampuni, na michoro ya matoleo yake. Mnunuzi wa mwisho, aliye na trekta shambani Gehandu au Maretadu, hayumo kwenye orodha hiyo. Yeye ameshalipa, kwa hiyo machoni pa mahakama hadai kitu. Mahitaji yake ya spea kwa miaka 15 ijayo si deni kisheria. Mmiliki mpya wa jina la Ursus anaweza kuamua kutengeneza spea za matoleo yaliyokuja Tanzania, na anaweza kuamua kutozitengeneza, na kwa vyovyote vile hajavunja ahadi, kwa sababu hajaahidi chochote.

Mkopo ndio unaobaki kama ulivyokuwa. Dola milioni 110 zilikopwa na Serikali kwa Serikali. Ursus ilifilisika, Poland haikufilisika, na Tanzania haikufilisika. Deni la taifa linalipwa na mkulima wa Basotu hata kama hakununua trekta hilo, analilipa kwenye dizeli na kwenye sukari. Jambo hili linanikera kuliko ubovu wowote wa chuma. Mkopo ulipewa uhai mrefu kuliko kitu ulichonunua, na hapakuwekwa daraja kati ya viwili hivyo.

MWALIMU: Daraja lingekuwa michoro. Mkataba wa matrekta 2,400 ni mkubwa. Mnunuzi wa kiasi hicho ana nguvu ya kudai. Michoro ya kila kipande kinachochakaa, aina ya chuma, namna ya kukipika, iwekwe mikononi mwa mtu wa tatu, na siku kampuni ikiingia mahakamani iwe mali yetu kutumia. NDC iliyotia saini na Ursus ndiyo hiyo hiyo inayomiliki KMTC kule Hai, Kilimanjaro, kiwanda kilichojengwa kutengeneza mashine na spea. Arusha tuna CAMARTEC, iliyoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo, na TEMDO kwa usanifu wa mitambo. Kutoka Katesh mpaka Arusha ni safari ya siku moja. Tanuri la kupikia gia linaweza kuwa hapo hapo. Tunakosa karatasi inayosema gia ipikwe kwa joto gani.

MKULIMA: Na kama karatasi hizo zingekuwepo, ungenunua?

MWALIMU: Kesho.

MHASIBU: Mimi ningeuliza kwanza kama KMTC wamepewa oda. Michoro kabatini haikerezi.

FUNDI: Na mimi ningeuliza oda ya vipande gani. Usianze na vyote. Katika trekta lolote kuna vipande vichache vinavyokufa mapema: meno ya kupandisha haidroliki, shafti ya PTO inayozungusha zana, gia ya kwanza na ya pili kwa sababu ndizo zinazovuta plau, mkono wa kuunganishia. Mtu akikaa na mafundi wa Katesh, Haydom na Babati siku moja, tutamwandikia vipande hivyo bila kufungua kitabu. Hakuna aliyekuja kutuuliza.

BWANA NYAMA: Na vijana je? Bunduki yangu ilikuwa na mwenyewe wa kuitunza. Nimeona matrekta yanapewa dereva aliyefundishwa asubuhi, jioni anavutia tela la kuni.

FUNDI: Hilo nalo lipo, mzee. Nusu ya ninayofungua ni oili isiyobadilishwa. Lakini nisikilizeni: tukisema kila ubovu ni wa dereva tunamsamehe aliyeuza, na tukisema kila ubovu ni wa kiwanda tunamsamehe dereva. Chujio la dizeli lililoziba vumbi la Basotu haliwezi kusingiziwa Poland. Meno ya gia yaliyokatika trekta likiwa na masaa machache hayawezi kusingiziwa dereva.

MKULIMA: Sawa. Niseme mpango wangu, mnipige kama mnavyotaka. Mimi na majirani wawili tunanunua matatu ya toleo moja, yaliyotumika, kwa bei ya moja jipya. Mawili yanalima. La tatu tunalichinja, spea zake zinalisha mawili. Kiwanda kikiwa hai au mfu, nina ghala langu nyuma ya nyumba.

FUNDI: Huo ni mpango. Ndivyo matrekta mengi yalivyoishi nchi hii. Ila uchague la tatu lenye gia boksi nzima hata kama injini imekufa, usifanye kinyume. Injini nitaitafutia mbadala; boksi sitaipata. Na ujue linachinjwa mara moja tu. Gia ya pili ikikatika kwenye yote mawili, ghala lako lina moja.

MHASIBU: Kwa fedha yako na ya majirani zako, baba, sina neno, hata nakutakia heri. Kwa fedha ya wanachama 140 siwezi kuunga mkono. Mwanachama hakuleta mchango wake ili tununue mzoga.

Naungana na mhasibu, na naungana na mkulima, na sioni mgongano. Mtu mmoja anaweza kucheza na hatari anayoijua, akiwa na fundi wake na ua wa kuwekea chuma. Chama cha ushirika kinashika fedha ya watu ambao hawatakuwepo siku ya kuchagua, wengine ni wajane wa Maretadu wenye ekari mbili. Na Serikali inashika fedha ya ambao bado hawajazaliwa. Kadiri mshika fedha alivyo mbali na shamba, ndivyo anavyotakiwa kudai zaidi kabla ya kutia saini: akiba ya spea iliyolipiwa na kufika nchini kabla ya trekta la kwanza kuuzwa, michoro, mafunzo kwa mafundi waliopo badala ya wapya wa mradi. Mkataba wa 2015 ulitaja spea. NDC inao wajibu wa kuwaambia walionunua, kwa lugha iliyo wazi, ni spea zipi zilifika, ziko ghala gani, na mazungumzo na mmiliki mpya yamefika wapi. Walionunua walikuja kwa sababu waliliamini shirika la umma, na wanadai jibu kwake, si kwa mfilisi wa Poland.

MAMA: Na kama hawatajibu?

MWALIMU: Wapo wabunge wa Hanang na Mbulu. Swali la bungeni lina namba na lina tarehe ya kujibiwa.

MKULIMA: Bunge halilimi. Mvua zinaanza Novemba. Lile trekta linalouzwa bado lipo, na kuna watu wa Singida wameshalitazama.

MHASIBU: Watazame. Sisi mvua hii tutakodi. Mwambie mwenye trekta atuachie siku mbili, fundi alale chini yake, asome kibao cha injini na cha boksi, aandike kila namba ya bering anayoiona. Namba zikipatikana Babati, nitaitisha mkutano. Zisipopatikana, waachie watu wa Singida.

FUNDI: Siku mbili zinatosha. Mniletee tu turubai, chini pana tope.